Tuzo za Waigizaji wa Kike: Tarikhi ya Heshima Iliyochelewa, Ikitazamwa Kutoka Kondoa

Desturi ya kumtukuza mwanamke aliyeuburudisha umma kwa sauti yake, kwa mwendo wake au kwa uso wake ni kongwe kuliko sinema katika nchi zetu, na mtu atakaye kuandika tarikhi ya tuzo za waigizaji wa kike wa Afrika ya Mashariki atapotea njia akianzia Marekani, kwenye ukumbi wa zulia jekundu, badala ya kuanzia kwenye mkeka wa harusi. Katika pwani, na katika miji ya bara iliyopokea desturi za pwani pamoja na dini yake na biashara yake, mwimbaji wa taarabu hutunzwa papo hapo: msikilizaji aliyeguswa na shairi huinuka mahali pake, akaenda mbele kwa madaha, akamtia mwimbaji fedha mkononi, na hadhira nzima ikashuhudia nani ametoa na nani amepewa. Hapana baraza la waamuzi, hapana orodha ya walioteuliwa, wala hapana bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Hukumu hutolewa na wasikilizaji wenyewe, wimbo ukiwa haujakwisha, na mara nyingi hukumu hiyo huwa na insafu kuliko ile itolewayo na wakubwa waliokaa faragha. Walakini ina upungufu mmoja, nao ni kwamba haiandikwi popote, na sherehe ikiisha nayo huisha.

Nautilia mkazo upungufu huo kwa sababu, kwa kadiri nilivyoichunguza tarikhi hii, mwanamke mwigizaji wa nchi zetu hakukosa sifa; alichokosa ni daftari. Alisifiwa, akatunzwa, akaigwa na wasichana wa mtaani, kisha jina lake likazikwa naye, ilhali majina ya waliompiga picha, waliomtungia maneno na waliomlipa ujira yakabaki katika majalada ya serikali. Tuzo ya sinema, pamoja na kasoro zake nyingi ambazo sitazificha, ni daftari la namna hiyo: humtaja mtu kwa jina, kwa kazi aliyoifanya na kwa mwaka alioifanya.

Naiandika insha hii kutoka Kondoa, mji ulioko katika nchi ya Warangi, kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya Dodoma, katika barabara kuu ambayo Waingereza waliihesabu kuwa kiungo cha njia ndefu ya kutoka Cape mpaka Cairo. Warangi, na majirani zao Wasandawe, Waburunge na Waalagwa, hawakupata kuwa watu wa studio. Kondoa si mji wa kutengeneza sinema bali ni mji wa kuzitazama, na wala sioni haya kulieleza jambo hili kutoka mahali pa mtazamaji, maana bila ya mtazamaji mwigizaji hana kazi, na tarikhi ya heshima ni tarikhi ya watazamaji kabla ya kuwa tarikhi ya waamuzi.

Mwanamke wa kwanza wa nchi hizi ambaye heshima yake iliandikwa kwa utaratibu hakuwa mwigizaji wa sinema, alikuwa mwimbaji. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja karibu na mwaka 1880, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 akaimba mbele ya mitambo ya santuri, na santuri zake zikaenea katika pwani yote na kupenya bara. Hakupewa sanamu ya dhahabu. Alipewa kitu ambacho kwa watu wa lugha yetu kina uzito zaidi: Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, na kwa wasifu huo mwanamke aliyetoka katika umaskini akaingia katika fasihi kwa jina lake mwenyewe, akasomwa na watu ambao hawakupata kumwona. Siti alifariki mwaka 1950. Nafikiri kwamba kila tuzo aliyopewa mwanamke wa sanaa katika Afrika ya Mashariki baada ya hapo inakwenda nyuma ya wasifu ule, kwa kuwa wasifu ule ndio uliothubutu kusema kwamba maisha ya mwanamke asimamaye mbele ya watu ni maisha yanayostahili kitabu.

Sinema zenyewe ziliingia Tanganyika kwa mlango wa mafundisho. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, fedha zake zikitoka katika mfuko wa Carnegie wa Amerika, na mkuu wa utengenezaji akiwa Meja Notcutt. Hata mradi ulipofungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 hivi, juu ya mambo kama posta na akiba, safura, kodi, chai na mmomonyoko wa udongo. Lori lenye mitambo likazizungusha katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa wenyeji. Mtu akitaka kujua Notcutt alikuwa nani atapata kitabu kizima. Akitaka kujua majina ya wale walioigiza, ataona jinsi daftari lilivyokuwa jembamba upande huo.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika ya Kusini kutengeneza hadithi za Kiswahili, na katika hadithi hizo, Muhogo Mchungu ikiwa mojawapo, aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Jina la Kawawa mwigizaji limehifadhiwa kwa sababu ya Kawawa mwanasiasa. Wenzake waliosimama naye mbele ya kamera hawakujaliwa kuingia katika vitabu kwa mlango huo, na mlango mwingine haukuwapo. Yafaa kukumbuka, tena, kwamba wazazi wengi wa wakati ule, huku bara kama kule pwani, hawakumpenda binti yao ajionyeshe mbele ya umma. Haya na heshima ya nyumba vilikuwa mali ya familia nzima, na mwanamke aliyeigiza alichukua mzigo ambao mwanamume hakutwishwa. Ikiwa alisifiwa, alisifiwa na wageni. Ikiwa alilaumiwa, alilaumiwa na jamaa. Kwa hiyo nikisema kwamba heshima yake ilichelewa, simaanishi uzembe wa makarani peke yake.

Baada ya uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na mwaka 1976 ikapitishwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Hayo nayapita upesi, kwa maana kwa watu wa Kondoa mwigizaji wa kike hakuja kwanza kwa picha, alikuja kwa redio.

Michezo ya redio ndiyo iliyowazoesha wananchi wa nyanda za kati kumpenda mwanamke wasiyemwona. Jioni, redio ikiwa imewekwa dirishani ili majirani nao wapate kusikia, sauti moja ya mwanamke iliweza kugombana na mume, kubembeleza mtoto, kumsuta jirani na kulia msibani, yote katika robo saa, na wasikilizaji wakambishia au kumwunga mkono kana kwamba yu barazani pao. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati, uliotungwa ili kuwafunza watu uzazi wa mpango na namna ya kujikinga na UKIMWI. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori na mfuasi wa kila starehe ya njiani, na mkewe Tunu, aliyevumilia hata uvumilivu ukamwishia, akamwacha na kujitafutia riziki yake. Watafiti waliotaka kupima athari ya mchezo huo waliitenga sehemu iliyohudumiwa na mtambo wa Dodoma iwe ya kulinganishia. Basi tangu mwaka 1993 mpaka 1995, mchezo ukisikilizwa sehemu nyingine za nchi, mtambo wa Dodoma ulitangaza vipindi vingine. Tunu alikuwa mashuhuri Mwanza na Morogoro naye bado hajazaliwa Dodoma.

Mimi nauona mkasa huo kuwa na maana kubwa kwa jambo tunalolizungumza. Hapana mwigizaji wa Tanzania ambaye kazi yake ilipimwa kwa uangalifu kama kazi ya wale waliouchukua mchezo ule: wataalamu walihesabu waliokwenda zahanati, wakauliza watu kijiji hata kijiji, wakaandika makala yaliyosomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Matokeo yalithibitisha kwamba sauti zile zilikuwa zimebadili mwenendo wa watu katika mambo ya ndani kabisa ya nyumba zao. Ni tuzo gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Na hata hivyo aliyejulikana ni Tunu. Mwanamke aliyempa Tunu pumzi yake alikwenda sokoni kama mtu yeyote.

Katika miaka hiyo hiyo filamu za Tanzania zilikwisha kuanza kutoka nje kutafuta hukumu ya walimwengu. Harusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ilipelekwa kwenye matamasha ya Afrika. Na mwaka 2001 Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kwa Akademi ya Sinema ya Marekani ili ifikiriwe kwa tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Wanawake ndio walioichukua filamu ile mabegani: Amandina Lihamba aliyeigiza Samehe, mgonjwa aliyenyamaza, BarbaraO wa Marekani aliyeigiza daktari wake, na Mwanajuma Ali Hassan aliyekuwa mzimu mkongwe wenye kuwaita. Filamu haikuingia katika tano za mwisho. Wengi husema kwa dharau kwamba kupelekwa bila ya kuteuliwa si kitu, na kuteuliwa bila ya kushinda ni nusu ya kitu, na hapa nataka nisimame kidogo nipingane nao, nikichukua ushahidi kutoka kwetu.

Katika majabali ya Kolo, Pahi, Kisese, Cheke na Thawi, pembezoni mwa bonde la ufa, yamo mapango yenye michoro ya rangi nyekundu ya watu warefu wembamba, vichwa vyao vikiwa vimepambwa, pamoja na pofu na twiga. Na juu yake, au kando yake, michoro myeupe ya watu wa zama za baadaye. Waliochora hawakuacha majina. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huku miezi kadhaa akiinakili michoro hiyo mmoja mmoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Ndipo serikali ikaandaa jalada la kuiombea michoro nafasi katika Urithi wa Dunia, wataalamu wakaja kuikagua na kuuliza maswali, na mwaka 2006 kamati ya UNESCO ikaiandika. Sisi tuliokaa karibu na Kolo twajua, basi, uteuzi ni kitu gani. Ni kazi ya kukusanya, kupima, kueleza na kutetea, nayo huacha maandishi hata kama hukumu ya mwisho ingekuwa hapana. Kilichokuwa kikijulikana na wazee waliokwenda kutambikia pangoni, na ambao wangali wakienda, kikajulikana na watu wasiopata kukanyaga vumbi la Kondoa. Filamu iliyopelekwa na nchi yake imekwisha kupimwa na watu wa nchi yake, na mwigizaji aliyeteuliwa amekwisha kutofautishwa na maelfu. Ushindi ni jambo la usiku mmoja juu ya hayo.

Kwa macho hayo ndivyo nipendavyo kuisoma orodha ya tuzo za Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ambaye katika waigizaji wa kike wa Afrika ya Mashariki hapana aliyemfikia kwa wingi wa heshima zilizoandikwa. Alizaliwa mjini Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, na ndiko alikopata jina lake la Kihispania. Akalelewa Kenya, na alipokuwa na umri wa miaka 14 akaigiza Juliet wa Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Baadaye alifanya kazi za nyuma ya kamera katika filamu iliyopigwa Kenya, akatengeneza mwenyewe filamu ya hali halisi juu ya maisha ya watu wenye ualbino, In My Genes, akaonekana katika mchezo wa televisheni uitwao Shuga mwaka 2009, kisha akaenda chuo cha tamthilia cha Yale. Tuzo yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya chuoni: Herschel Williams Prize, apewayo mwanafunzi wa uigizaji mwenye kipaji cha kupita wenzake. Wasomaji wa orodha huiruka tuzo hiyo kwa kuwa haikuonyeshwa kwenye televisheni. Mimi naiweka mbele, maana ilitolewa na walimu wake, waliomwona akishindwa na kujaribu tena.

Kisha ikaja filamu ya Steve McQueen ya mwaka 2013, 12 Years a Slave, iliyotokana na kitabu cha Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa mwaka 1841 akauzwa utumwani Louisiana hata akaokolewa mwaka 1853. Lupita aliigiza Patsey, kijakazi aliyechuma ratili 500 za pamba kwa siku, kuliko mwanamume yeyote wa shamba lile, na ambaye kwa ustadi huo hakupata ila kijicho cha bibi wa nyumba na uchu wa bwana. Patsey si mtu wa kubuniwa. Aliishi, akapigwa, akabaki shambani Northup alipoondoka, na maandishi yakamwacha hapo.

Mtu wa nyanda za kati za Tanzania hawezi kuitazama kazi hiyo kama hadithi ya mbali. Njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaenda Kilimatinde, Tabora na Ujiji. Na Kondoa, upande wa kaskazini wa njia hiyo, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani kabla ya Wajerumani kuweka boma lao. Kina Patsey wa kwetu walipita katika ardhi hii wakiwa na minyororo shingoni, na hakuna Northup aliyeyaandika majina yao. Nilipomtazama Lupita akimwomba mwenzake amtoe roho ili apumzike, sikuona mwigizaji wa Marekani anayeigiza mtu wa Marekani. Niliona binti wa bara letu aliyerudishiwa kazi ya kumlilia dada yake.

Tuzo za msimu ule zilikuja kwa kupanda na kushuka, na mpangilio wake una mafunzo. Januari 2014 waandishi wa Golden Globe walimteua, lakini tuzo wakampa Jennifer Lawrence. Siku chache baadaye wahakiki wa Critics' Choice wakampa Lupita, na waigizaji wenzake wa chama cha Screen Actors Guild wakampa vilevile. Februari, mjini London, akademi ya Uingereza ya BAFTA ilimteua kwa kazi hiyo na kwa nyota anayechipukia, isimpe hata moja. Ya uigizaji akaichukua tena Lawrence. Tarehe 1 Machi, siku aliyotimiza miaka 31, akapewa tuzo ya Independent Spirit, na usiku wa pili yake, tarehe 2 Machi 2014, akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akiwatangulia Lawrence, Julia Roberts, Sally Hawkins na June Squibb. Alipopanda jukwaani alimtaja Patsey kwanza, akakiri kwamba furaha yake ya usiku ule ilitokana na uchungu wa mtu mwingine. Kwa hakika sijui mshindi mwingine aliyelifungua daftari namna hiyo ili jina la aliyesahauliwa liandikwe kando ya lake.

Alikuwa mwanamke mweusi wa sita kuipata tuzo hiyo, na wa kwanza kutoka Kenya. Wa kwanza wa wote alikuwa Hattie McDaniel, aliyeigiza mtumishi katika Gone with the Wind, naye alipewa tarehe 29 Februari 1940 katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, ambako mtengenezaji wa filamu alilazimika kuomba ruhusa ili aingizwe, na ambako aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Miezi michache kabla ya hapo, filamu ilipofunguliwa Atlanta, hakuhudhuria, kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Zama zile waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu kamili ila kibao kidogo. McDaniel alifariki mwaka 1952 akiwa ameusia kibao chake kwa chuo kikuu cha Howard. Kibao kikakaa huko, kikapotea, na haikujulikana kilikokwenda, hata Oktoba 2023 Akademi ilipowapa Howard kingine badala yake. Baina ya McDaniel na wa pili, Whoopi Goldberg, ilipita miaka 51. Walifuata Jennifer Hudson mwaka 2007, Mo'Nique mwaka 2010, Octavia Spencer mwaka 2012, kisha Lupita. Hata daftari la matajiri, basi, laweza kuibiwa ukurasa.

Afrika nayo ilikuwa na mabaraza yake ya hukumu, tena ya zamani kuliko wengi wajuavyo: tamasha la Carthage huko Tunisia tangu 1966, na FESPACO la Ouagadougou tangu 1969, ambako filamu bora hupewa farasi wa Yennenga. Zanzibar ilifungua tamasha lake la nchi za jahazi mwaka 1998. Tuzo za AMAA zikaanza Nigeria mwaka 2005, na za Kalasha nchini Kenya mwaka 2009. Kutoka Kenya, Samantha Mugatsia alitangazwa mwigizaji bora wa kike katika FESPACO ya mwaka 2019 kwa filamu ya Rafiki, ambayo serikali ya nchi yake ilikuwa imeipiga marufuku. Heshima ikamjia kutoka Burkina Faso.

Kwa Watanzania wa kawaida, siku iliyowagusa ilikuwa ya Machi 2016, pale Elizabeth Michael, aitwaye Lulu, aliponyanyua mjini Lagos tuzo ya filamu bora ya Afrika ya Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike akapewa ya filamu ya Kiswahili kwa Kitendawili. Watu wa Kondoa walikuwa wakimjua Lulu kutoka katika vibanda vya video, kwa filamu zilizotengenezwa kwa wiki chache na kuuzwa barabarani, ambazo wasomi walizidharau kwa taa zake mbaya na hadithi zake ndefu. Nadhani wasomi walikosa insafu. Filamu zile zilikuwa za kwanza kumfanya mwanamke wa Kitanzania ajulikane kwa jina na uso katika kila wilaya, na mama wa Bereko au Haubi asiyepata kuingia katika jumba la sinema aliweza kubishana na jirani yake ni nani mwigizaji bora, Monalisa au Johari, akitoa hoja na mifano. Huo ndio uamuzi uleule wa kutunza mwimbaji, na Lagos iliuthibitisha tu kwa maandishi.

Bodi ya Filamu ilipoanza kutoa tuzo za taifa mwaka 2021, jambo lililotakiwa tangu zamani likapata mwanzo wake nyumbani. Mwaka huohuo Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa Toronto, na mwaka uliofuata ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar, ya pili tu tangu Maangamizi. Ndani yake Ikhlas Gafur Vora alimwigiza Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja ya zama za Waingereza aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, na aliigiza kwa utulivu wa mtu ajuaye kwamba kamera iko karibu na macho yake. Ilipita zaidi ya miaka 20 baina ya filamu hizo mbili. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 haiwezi kusema kwamba katika miaka yote hiyo haikuwa na kazi nyingine ya kupeleka. Haikuwa na mazoea ya kukaa, kupima na kuandika.

Lupita kwa upande wake aliendelea kukusanya teuzi pamoja na ushindi, na mara nyingine kukosa vyote viwili. Mwaka 2016 aliteuliwa kwa tuzo ya Tony kwa tamthilia ya Danai Gurira, Eclipsed, juu ya wanawake waliotekwa katika vita vya Liberia, tamthilia ya kwanza huko Broadway ambayo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wake wote walikuwa wanawake weusi. Mwaka 2019 waigizaji wote wa Black Panther, naye akiwamo, walipewa tuzo ya Screen Actors Guild. Katika mwaka huohuo ilitoka Us ya Jordan Peele, ambamo aliigiza wanawake wawili, mama wa nyumba na kivuli chake cha chini ya ardhi, kila mmoja na sauti yake, mwendo wake na hofu yake. Wahakiki wa New York walimchagua kuwa mwigizaji bora wa mwaka, waigizaji wenzake wakamteua, na Akademi ya Oscar haikumweka hata katika orodha. Kwa maoni yangu kazi ile ilikuwa na ufundi mkubwa kuliko ya Patsey, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba anayesoma orodha ya tuzo hana budi asome na yale yaliyokosekana ndani yake.

Februari 2024 aliketi mjini Berlin akiwa rais wa baraza la waamuzi wa tamasha la filamu la mji huo, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti hicho, miaka 10 baada ya kusimama mbele ya waamuzi wengine akiwa mgeni. Filamu zilizoletwa mbele yake zilikuwa 20, na dubu wa dhahabu baraza lake likampa Mati Diop, binti mwenye asili ya Senegal, kwa Dahomey, filamu fupi kuliko kawaida ya mashindano yale, yenye kueleza safari ya hazina 26 za ufalme wa Dahomey zilizochukuliwa na majeshi ya Ufaransa na kurudishwa Benin mwaka 2021.